Maisha ya George Cadbury, Mfanya Biashara wa Kakao

Katika kurasa hizi mmezoea kusoma maisha ya wachungaji na wamisionari, watu walioacha mali na nyumba ili wapeleke Injili mahali pengine. Mwezi huu tunawaletea habari za mtu wa namna nyingine. Huyu hakuacha mali, bali alitajirika sana, wala hakuhubiri katika nchi za mbali. Alikuwa mfanya biashara. Jina lake ni George Cadbury, na wengi wenu mmeliona jina la ukoo wake limepigwa chapa juu ya makopo ya kakao na karatasi za chokoleti. Tumemchagua kwa sababu swali lililomshughulisha maisha yake yote linamfikia kila Mkristo mwenye watu chini yake, awe na kiwanda kikubwa au shamba dogo lenye vibarua wawili, nalo ni hili: mwenye kazi anadaiwa nini zaidi ya ujira waliopatana? Alilijibu swali hilo vizuri kuliko matajiri wengi wa siku zake. Hata hivyo kuna mahali alipochelewa, nasi hatutapaficha.

Alizaliwa tarehe 19 Septemba 1839 katika mji wa Birmingham, mji wa viwanda na moshi katikati ya Uingereza. Wazazi wake walikuwa watu wa Chama cha Marafiki, ambao wengine huwaita Quakers. Ndugu zetu wa Kenya wanawafahamu Marafiki, kwa kuwa wamisionari wao kutoka Marekani walifika Kaimosi mwaka 1902. Sisi Walutheri hatupatani nao katika mambo makubwa, maana hawabatizi kwa maji, wala hawali Chakula cha Bwana kwa mkate na divai. Lakini tusiwanyime haki yao. Waliteswa sana hapo mwanzo kwa ajili ya imani yao, na kwa muda mrefu milango ya vyuo vikuu vya Oxford na Cambridge ilifungwa kwao, kwa hiyo wengi wakaingia katika biashara. Huko wakajulikana kuwa watu wa bei moja na neno moja, wasiokubali kuapa, kwa kuwa waliona ndiyo yao yapasa kutosha.

Baba yake, John Cadbury, alifungua duka Birmingham mwaka 1824, akauza chai na kahawa, na baadaye akaanza kutengeneza kakao ya kunywa. Mama yake alifariki George alipokuwa kijana, na baba akadhoofika, na biashara ikadhoofika pamoja naye. Mwaka 1861 akawaachia kazi wanawe wawili, Richard na George. George alikuwa na umri wa miaka 21 tu. Wafanya kazi waliobaki hawakuzidi 20. Wale vijana wakatia humo urithi walioachiwa na mama yao, nao ukaliwa na hasara mwaka hata mwaka. George akajinyima kila kitu, akaacha chai, akaacha hata kununua gazeti la asubuhi, akafanya kazi tangu alfajiri hata usiku. Miaka mitatu hivi ilipita kabla faida haijaonekana.

Siku zile kakao iliyouzwa Uingereza haikuwa kakao tupu. Tunda la kakao lina mafuta mengi, na ili mafuta yasielee juu ya kikombe, watengenezaji walichanganya unga wa viazi, au sago, au wanga mwingine. Nyumba ya Cadbury nayo ilifanya hivyo kama wenzake. Mwaka 1866 hao ndugu wawili wakanunua mtambo kutoka Uholanzi uliokamua sehemu ya mafuta, na kwa hiyo wakaweza kuuza kakao isiyochanganywa na kitu. Wenye viwanda wengine wakakasirika. Lakini madaktari wakaisifu, na serikali ikatunga sheria juu ya vyakula vilivyoghoshiwa katika miaka ya 1872 na 1875, na tangu hapo jina la Cadbury likaenea pote. Tusiseme kwamba walikuwa watakatifu kwa kuacha unga wa viazi. Ilikuwa njia ya faida pia. Mara nyingine Mungu huziweka njia hizo mbili pamoja, na mtu hana budi kushukuru.

Sasa tufike kwenye jambo ambalo, kwa maoni yetu, ndilo shina la mengine yote. Katika barabara ya Severn mjini Birmingham, mwaka 1845, mfanya biashara mmoja wa Marafiki aitwaye Joseph Sturge alianzisha shule ya Jumapili kwa watu wazima wasiojua kusoma. George Cadbury akaanza kufundisha huko akiwa kijana, akapewa darasa lililoitwa Darasa la 14, akalishika zaidi ya miaka 50. Mkutano wa darasa ulikuwa asubuhi na mapema, saa moja na nusu, kusudi wanaume wale waweze kuja kabla vilabu vya pombe havijafunguliwa. George alikaa mbali na mji, naye aliondoka kwake kungali giza, kwanza kwa farasi, na siku za baadaye kwa baiskeli, hata alipokuwa mzee wa miaka 70. Waalimu wa shule ile hawakulipwa hata peni moja. Walikuwa wenye maduka, makarani na wenye viwanda, watu waliokwisha kuchoka kwa kazi ya siku sita. Mmoja wao, William White, alichaguliwa kuwa meya wa mji, wala hakuliacha darasa lake. Richard Cadbury naye alikuwa na darasa.

Mwalimu wa katekisimo asomaye habari hizi ataelewa mara moja ugumu wa kazi ile. Wanafunzi walikuja na mikono migumu isiyoweza kushika kalamu. Wengine walikuwa walevi, wengine wametoka gerezani. Walijifunza herufi kwa maneno ya Biblia, kisha wakazungumza juu ya yale waliyoyasoma. Wakaanzisha mfuko wa kuweka akiba. Asipofika mtu Jumapili mbili, mwalimu alimfuata nyumbani kwake. Na hapo ndipo George Cadbury alipoona asiyoyaona tajiri anayetoa sadaka kwa hundi tu. Akaona vyumba visivyo na dirisha la nyuma, vilivyojengwa mgongo kwa mgongo. Akaona choo kimoja cha nyumba nyingi, na ua usiofikiwa na jua, na watoto wenye miguu iliyopinda kwa ugonjwa. Akatambua ya kuwa amemfundisha mtu kuacha pombe siku ya Jumapili, kisha anamrudisha katika chumba ambacho mtu yeyote angekikimbia kwenda kilabuni. Watu wengi husema kwamba mji wa Bournville ulizaliwa katika kiwanda. Sivyo, ulizaliwa katika Darasa la 14.

Mwaka 1879 Richard na George waliondoa kiwanda chao mjini, wakakijenga upya mashambani, maili 4 kusini ya Birmingham, kando ya kijito kiitwacho Bourn. Watu wakawacheka, kwa kuwa haikuwa desturi kupeleka kiwanda kwenye majani na maua. Wafanya kazi walikuwa 200 na zaidi kidogo. Miaka 20 baadaye walikuwa zaidi ya 2,500. Walipewa viwanja vya kuchezea, bustani, jiko la kupashia chakula, mahali pa kuogelea. Siku ya Jumamosi kazi ilikwisha mchana, jambo ambalo viwanda vichache sana vya Birmingham vilikuwa vimelikubali. Asubuhi wafanya kazi walikusanyika, Maandiko yakasomwa, na sala fupi ikaombwa. Watu hawakumwita Bwana Cadbury, bali Bwana George, na nduguye Bwana Richard, kama watu wa nyumba moja.

Mwaka 1895 George akaanza kujenga nyumba juu ya ekari 120 alizozinunua kwa fedha yake mwenyewe karibu na kiwanda. Alitoa amri kwamba nyumba isichukue zaidi ya robo ya kiwanja chake, na iliyobaki iwe bustani. Na kabla mpangaji hajaingia bustani ilikuwa imekwisha kulimwa na kupandwa miti ya matunda. Kilabu cha pombe hakikuruhusiwa. Tena nyumba hazikuwa za wafanya kazi wake peke yao. Alitaka watu wa kazi mbalimbali wakae pamoja, maana tajiri aliye bwana wa kazi yako na bwana wa nyumba yako pia, amekushika kwa mikono miwili, na siku ukimwudhi utakosa vyote. Nyumba za kwanza ziliuzwa kwa gharama ya kuzijenga, lakini wanunuzi wengine wakaziuza tena kwa faida kubwa. Basi George akafikiri njia nyingine. Mwezi wa Desemba 1900 akaitoa mali yote, ekari 330 na nyumba 313, akaiweka wakfu mikononi mwa wadhamini, kwa sharti kwamba kodi zote zitumiwe kutunza nyumba na kujenga nyingine. Tangu siku ile hakuwa na haki ya kuchukua hata shilingi moja katika mji alioujenga.

Richard hakuyaona hayo, kwa kuwa alifariki Yerusalemu, akiwa safarini, tarehe 22 Machi 1899.

Yaliyofuata katika kiwanda tutayapitia upesi. Daktari na mganga wa meno waliwekwa. Vijana walitakiwa kuendelea na masomo. Mwaka 1906 kampuni ilianza mfuko wa pensheni kwa wanaume, na wanawake walipata wao mwaka 1911. Mwaka 1918 yakaundwa mabaraza ambamo wafanya kazi waliochaguliwa na wenzao walikaa pamoja na wakubwa kushauriana juu ya kazi. Walakini kulikuwa na kanuni ambayo wasomaji wa leo hawataipenda: msichana akiolewa sharti aache kazi. Siku ya kuondoka alipewa Biblia na ua. Wengi waliona ni heshima, lakini hatuna shaka kwamba wako waliolia njiani wakienda kwao, wakifikiri habari ya ujira.

Sasa tunafika mahali pagumu. Kakao haioti Uingereza. Mwaka 1900 karibu nusu ya kakao iliyotumiwa Bournville ilitoka katika visiwa vya São Tomé na Príncipe, magharibi ya Afrika, ambavyo vilikuwa chini ya Wareno. Sheria ya Ureno ilikuwa imekomesha utumwa. Vibarua wa mashamba waliitwa watu wa mkataba wa miaka mitano. Lakini walinunuliwa ndani ya Angola, wakaongozwa mamia ya maili hadi pwani, na huko karani akawauliza kama wamekubali, na hata wasipojibu aliandika kwamba wamekubali, wakapandishwa merikebuni, na karibu hapana aliyerudi. Wazee wetu waliozisikia habari za misafara ya Bagamoyo na soko la Unguja wanaujua utumwa huo hata ukiitwa kwa jina jingine.

Mwaka 1901 William Cadbury, mwana wa Richard, aliambiwa habari hizo alipokuwa safarini Trinidad. Mwaka uo huo kampuni ikaletewa karatasi ya shamba lililokuwa likiuzwa São Tomé. Katika orodha ya mali ya shamba hilo waliandikwa vibarua weusi 200, na thamani yao, pauni 3,555. Mtu akiisha kusoma karatasi ya namna hiyo hawezi kusema kwamba hajui.

Walifanya nini? Hawakunyamaza kabisa, lakini walikwenda polepole. William alisafiri Lisbon mwaka 1903 kuzungumza na wakubwa wa Ureno na wenye mashamba, akaahidiwa kwamba mambo yatatengenezwa. Mwaka 1905 wakamtuma Joseph Burtt, mmoja wa Marafiki, akaone kwa macho yake. Akajifunza Kireno kwanza, kisha akazunguka visiwani, Angola na Msumbiji, asirudi mpaka 1907. Wakati huo mwandishi aitwaye Henry Nevinson alikuwa amekwisha kuipita njia ya misafara ya Angola, akaziona pingu za miti zimetundikwa kando ya njia na mifupa ya watu chini, akayatangaza katika kitabu mwaka 1906. Serikali ya Uingereza iliwasihi akina Cadbury wawe na subira, kwa maana ilihitaji urafiki wa Wareno ili ipate vibarua wa Msumbiji katika machimbo ya dhahabu ya Transvaal. Nao wenyewe waliamini kwamba mnunuzi husikilizwa na mwuzaji, na akiisha kuondoka hatasikilizwa tena. Hoja hiyo si ya kipumbavu. Lakini miaka ilipita, na kila mwaka magunia yalishushwa Bournville.

Tena kulikuwa na gazeti. George Cadbury alikuwa amenunua sehemu ya gazeti la Daily News mwaka 1901, kwa sababu alipinga vita vya Makaburu, akalitumia kuwatetea wanyonge. Gazeti hilo lilidai pensheni kwa wazee, nayo sheria yake ikapita mwaka 1908. Likafanya maonyesho London mwaka 1906 kuonyesha jinsi wanawake wanavyoshona nyumbani kwao kwa ujira wa njaa. Likawapigia kelele wenye machimbo ya Transvaal walioleta vibarua wa Kichina na kuwatenda kama watumwa. Ndipo tarehe 26 Septemba 1908 gazeti jingine, The Standard, likaandika kwamba ni ajabu watu wa Bournville wana huruma nyingi kwa Mchina wa Transvaal, na kwa msichana wa Birmingham mwenye kiwanja cha kuchezea, lakini mikono myeusi inayowachumia kakao hawaioni.

Akina Cadbury wakashtaki. Kabla ya kesi William alikwenda mwenyewe São Tomé na Angola, akarudi, na mwezi wa Machi 1909 Cadbury pamoja na wenzao Fry na Rowntree wakatangaza kwamba hawatanunua tena kakao ya visiwa vile. Kesi ikasikizwa Birmingham mwishoni mwa mwaka. Wakili wa gazeti, Edward Carson, alikuwa mtu mkali. Akamwonyesha William kwamba tangu 1901 wamenunua huko kakao ya pauni zaidi ya 1,300,000. Mwisho akamwuliza kama amepata kuhesabu ni watumwa wangapi waliokufa katika miaka ile minane wakiitengeneza kakao yake. William akakiri kwamba hakuhesabu. Watu 12 wa baraza la hukumu wakaamua kwamba gazeti limekosa kwa kuwaita wanafiki. Lakini walipotakiwa kutaja fidia, wakataja farthing moja, yaani robo ya peni, fedha ndogo kuliko zote zilizokuwapo Uingereza.

Watu wameshindana juu ya farthing hiyo hata leo. Sisi tunaona watu wale 12 walihukumu kwa akili. George Cadbury hakuwa mnafiki. Mnafiki haamki gizani siku ya Jumapili miaka 50 bila malipo. Lakini wale wa Darasa la 14 aliwaona kwa macho, aliingia katika vyumba vyao, alijua majina ya watoto wao. Wale wa São Tomé hakuna mmoja aliyekaa darasani mwake. Yeye na jamaa yake waliwahurumia kwa barua na kwa wajumbe, na huruma ya barua ina mwendo mrefu. Ni vema tukumbuke pia kwamba wenye viwanda wengine, ambao hawakumtuma mjumbe wala kuuliza neno, hawakupelekwa mbele ya hakimu yeyote.

Baada ya hapo Bournville ilipata kakao yake Gold Coast, nchi ambayo sasa inaitwa Ghana. Huko mashamba yalikuwa ya Waafrika wenyewe. Mbegu zililetwa kutoka kisiwa cha Fernando Po mwaka 1879 na Tetteh Quarshie, mhunzi aliyejifunza kazi yake katika karakana ya Misheni ya Basel, akazipanda Mampong katika milima ya Akwapim. Wamisionari walikuwa wamejaribu mbele yake, lakini miti yao haikuendelea. Kufika mwaka 1911 wakulima wa nchi ile waliwapita watu wote ulimwenguni kwa wingi wa kakao, wakijaza magunia yao kwa hesabu yao wenyewe.

Siku za mwisho za George zilikuwa za utulivu na huzuni pamoja. Nyumba yake Northfield ilijaa watoto wa mitaa ya maskini kila kiangazi, maelfu yao, waliokuja kucheza na kula katika jengo kubwa alilolijenga kwa ajili yao. Nyumba yake ya zamani aliitoa mwaka 1903 iwe chuo cha Marafiki, nacho kikaitwa Woodbrooke. Vita vikuu vilipokuja mwaka 1914, yeye asiyeamini vita aliwaona wanaume zaidi ya 2,000 wa Bournville wakijitoa kwenda jeshini. Kampuni haikuwafukuza kwa ajili hiyo. Iliwaongezea jamaa zao fedha juu ya posho ya serikali, ikawapelekea askari vitabu, nguo na chokoleti. Katika nyumba yake mwenyewe kijana mmoja, Laurence, alikwenda kuwachukua majeruhi katika kikosi cha Marafiki, na mwingine, Egbert, akarusha ndege ya vita.

Alifariki nyumbani kwake tarehe 24 Oktoba 1922, mwenye umri wa miaka 83. Maelfu ya watu walikusanyika kwenye uwanja wa majani wa Bournville kumkumbuka.

Kampuni yake iliuzwa mwaka 2010 kwa kampuni ya Kraft ya Marekani, na watu wa Birmingham wakafanya maandamano kuipinga biashara hiyo. Lakini nyumba za Bournville hazikuuzwa pamoja nayo. Tangu mwaka 1900 zimekuwa mikononi mwa wadhamini, na kodi inayolipwa hutumiwa kuzitengeneza na kujenga nyingine.